Daktari wa Meno na Mgonjwa Mwenye Mahitaji Maalum: Mafunzo Yanaanzia Wapi?



Katika mikutano yetu tunaongea mengi kuhusu watu wenye ulemavu. Tunaongea juu ya kadi ya Baraza la Taifa, viti vya magurudumu, karo, mbuzi wa maziwa. Habari ya meno haitajwi. Lakini ukikaa na akina mama wanaolea watoto hawa, chai ikishamiminwa mara ya pili, meno yatatajwa tu. Mtoto halali usiku. Mtoto anajigonga kichwa ukutani. Uji aliokuwa akiupenda sasa anautema, na hawezi kusema panapomwuma. Mama anambeba mgongoni mpaka hospitali, anapanga laini tangu asubuhi, halafu anaambiwa, "Mama, huyu hatumwezi hapa, mpeleke mbele." Mbele ni wapi, na nauli ni ya nani?

Watu husema daktari wa namna hiyo hana utu. Pengine ni kweli kwa mmoja au wawili. Kwa wengi sababu ni nyingine kabisa: hakufundishwa. Au alifundishwa kwa maneno darasani, akapewa cheti bila kumgusa hata mgonjwa mmoja mwenye ulemavu. Makala hii inaeleza jinsi daktari wa meno anavyofunzwa, pengo liko wapi, na jinsi kikundi kama chenu kinavyoweza kusaidia kuliziba.

Ni akina nani hao?

Tunaposema mgonjwa mwenye mahitaji maalum, wengi wanafikiria mtoto aliyelala kwenye mkeka. Kwa daktari wa meno maana ni pana zaidi. Ni mtu yeyote ambaye njia ya kawaida, yaani kupanda kwenye kiti kile, kulala chali, kufungua mdomo na kutulia, haimfai au ni ya hatari kwake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo yumo. Mwenye usonji yumo, na mwenye hali ya Down, kiziwi, kipofu, mwenye kifafa. Lakini mzee aliyepigwa na kiharusi pia yumo, na yule anayetetemeka mikono, na anayemeza dawa za ugonjwa wa akili, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa damu kutoganda. Kwa hivyo usiseme haya ni ya boma la jirani. Kiharusi hakipigi hodi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano, walikuwa kama 2 kwa kila 100. Yaani katika kata ndogo yenye watu 5,000 mngetarajia kupata kama 100 hivi. Nasi tunaotembelea manyumba tunajua kuna wanaofichwa chumba cha nyuma siku ya kuhesabiwa.

Neno moja kuhusu majina. Bado tunasikia kwenye baraza mtu akiitwa "bubu", "kichaa", "yule kiwete wa Mama fulani". Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdharau. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya. Hospitali inafungwa na maneno hayo, na kikundi pia.

Kwa nini meno yao huumia zaidi

Ulemavu wenyewe hauozeshi jino. Kinachoozesha ni yale yanayofuatana nao. Mtoto ambaye ulimi na mashavu yake hayana nguvu hawezi kusukuma mabaki ya chakula, basi uji unabaki umelala kwenye fizi mpaka asubuhi. Uji wenyewe umetiwa sukari ili akubali kula. Dawa zake ni za maji, tamu kama asali, na anapewa usiku akilala. Mswaki unashikwa na mtu mwingine, tena mtu mwenye haraka, na mtoto anauma.

Kuna na mambo ya dawa ambayo wazazi hawaambiwi. Dawa moja ya kifafa iitwayo fenitoini huweza kufanya fizi zivimbe na kukua mpaka zifunike meno. Mama anadhani ni ugonjwa mpya, kumbe ni dawa. (Tafadhali, usiisimamishe! Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege la hatari. Mwambie daktari, na usafishe fizi kwa bidii zaidi.) Dawa nyingi za ugonjwa wa akili hukausha mdomo, na mdomo ukikauka meno huoza upesi, kwa sababu mate ndiyo mlinzi wa kwanza wa meno. Watu wenye hali ya Down hupata ugonjwa wa fizi mapema, hata kama meno hayana matundu, na wengi wao huzaliwa na kasoro ya moyo ambayo daktari wa meno lazima aijue kabla hajagusa kitu. Mwenye kifafa huanguka na kuvunja meno ya mbele. Mwenye mtindio wa ubongo husaga meno mpaka yanakuwa mafupi.

Halafu wanachelewa kuletwa, na wakiletwa wanarudishwa. Mwisho wa safari ni jino kung'olewa. Jino ambalo lingezibwa kwa nusu saa linatoka, na mtu ambaye kutafuna ni kazi kwake tangu zamani anabaki na meno machache zaidi ya kutafunia.

Mwanafunzi anafunzwa vipi?

Hapa Kenya mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974. Baadaye Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kikaanza pia. Shahada ni masomo ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya uangalizi. Kuna pia maofisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa katika chuo cha KMTC. Hawa wana diploma, na mara nyingi ndio mtakaowakuta katika hospitali ndogo za huku kwetu. Msiwadharau. Kwa mtu wa kijijini yeye ndiye daktari wa meno.

Miaka ya kwanza mwanafunzi anasoma mwili, magonjwa na dawa. Anajaribu kazi kwenye meno ya bandia yaliyofungwa kwenye kichwa cha plastiki. Kichwa hicho hakitemi mate, hakiogopi, hakipigi mateke. Baadaye anaingia kliniki na kutibu watu wa kweli, mwalimu akiwa amesimama karibu. Udaktari wa meno ni kazi ya mikono kama useremala. Hakuna aliyejifunza kutengeneza kiti kwa kusoma kitabu cha viti.

Sasa tega sikio, kwa sababu pengo liko hapa. Katika vyuo vingi duniani mwanafunzi lazima amalize hesabu ya kazi fulani kabla ya kufuzu: ameziba meno mangapi, ameng'oa mangapi, ametengeneza meno ya bandia mangapi. Muda ni mfupi na mtihani unakuja. Wewe ungekuwa ndiye mwanafunzi, ungemchagua mgonjwa gani? Yule anayetulia, anayemaliza kwa dakika arobaini. Mgonjwa wa kiti cha magurudumu, atakayehitaji saa mbili na watu wawili wa kumsaidia, anasukumwa kwa mwalimu au anapewa tarehe ya mbali. Mwanafunzi hana roho mbaya. Ni ule utaratibu wa kuhesabu meno badala ya kuhesabu watu. Basi anafuzu, anapelekwa hospitali ya kaunti, na asubuhi moja mlango unafunguliwa na mama aliyembeba kijana wa miaka kumi na miwili ambaye shingo yake haikai sawa. Daktari anaogopa. Na mtu mwenye hofu, akiwa amevaa koti jeupe, hasemi "naogopa". Anasema "mpeleke mbele".

Hata nchi tajiri zilichelewa

Mtu asidhani hili ni tatizo la Afrika kwa sababu ya umaskini. Kule Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa udaktari wa meno na wagonjwa wenye ulemavu wa akili ulionyesha kwamba nusu ya wanafunzi, na zaidi kidogo, hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya kliniki na wagonjwa hao. Robo tatu walisema wameandaliwa kidogo tu au hawakuandaliwa kabisa. Na hiyo ni nchi yenye mashine za kila aina.

Mwaka huohuo tume inayokagua vyuo vya meno Marekani iliweka kanuni kwamba anayefuzu awe na uwezo wa kupima mahitaji ya mgonjwa mwenye mahitaji maalum. Angalia neno hilo: kupima. Ni kama fundi anayekuja kwako, anapima dirisha, anaandika kwenye daftari, anaenda zake. Umepimiwa, lakini mvua bado inaingia. Wazazi na madaktari wachache walipigania jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 2019 kanuni ikabadilishwa: mwanafunzi lazima aweze kupima na pia kusimamia matibabu yenyewe. Ilianza kutumika Julai 2020. Neno moja lililoongezwa linawalazimu walimu kutafuta wagonjwa hao na kuwaleta kliniki.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka 2008 ilitambua rasmi utaalamu wa meno kwa watu wenye mahitaji maalum, daktari akisomea hilo peke yake. Ni jambo zuri kwa wagonjwa wagumu kabisa. Lakini nikiulizwa maoni yangu, kijiji hakingojei bingwa. Bingwa atakaa mjini. Tunachohitaji ni yule ofisa wa kawaida wa hospitali ndogo awe na mikono isiyotetemeka.

Mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyajua

Nimeona ni vizuri kueleza haya kwa kirefu, ili mkienda hospitali mjue mnachoweza kuomba. Si uchawi. Mengi hayahitaji hata shilingi.

La kwanza ni kuongea na mgonjwa mwenyewe. Daktari wengi humtazama mama na kuuliza, "Anaumwa wapi?" na kijana yuko pale, masikio yake mazima. Mwanafunzi hufundishwa aanze na mwenye kinywa, amwite kwa jina, angoje jibu. Wengine jibu lao ni kupepesa macho au kuinua mkono, na linachukua muda. Kwa kiziwi, kitambaa cha mdomoni kinafunika midomo anayosoma. Lazima daktari akishushe kwanza, aongee akimtazama, na kama kuna mkalimani wa lugha ya ishara akae mahali anapoonekana. Mashine ikishaanza na kichwa kimelazwa, mazungumzo yamekatika, basi ishara za "simama" na "inauma" zikubaliwe kabla. Kwa kipofu, sauti inatangulia mkono. Hakuna kugusa ghafla. Apewe kifaa akipapase, asikie kinavyolia. Mkisoma Injili ya Marko sura ya 7, mtaona Yesu alimtoa yule kiziwi kando ya umati, akamgusa masikio na ulimi kabla ya kusema lolote. Faragha kwanza, kisha ishara, kisha neno. Walimu wa meno wanafundisha hivyohivyo.

La pili ni njia inayojulikana tangu mwaka 1959, nayo kwa maneno yetu ni "mwambie, mwonyeshe, mfanyie". Daktari anamwambia mtoto kwa maneno mepesi atakalofanya. Anamwonyesha kwenye ukucha au kwenye mkono wa mama. Ndipo anamfanyia, bila kubadilisha kitu. Kwa mtoto mwenye usonji hata hiyo inaweza kuwa nyingi kwa siku moja. Siku ya kwanza aje aone chumba tu. Ya pili akae kwenye kiti. Ya tatu ahesabiwe meno. Taa kali ipunguzwe, awe wa kwanza asubuhi kabla ya kelele za laini, na ahudumiwe na mtu yuleyule. Nauli ya safari tatu ni ndogo kuliko gharama ya mtoto aliyeogopeshwa mara moja akakataa daktari maisha yake yote.

La tatu ni mwili. Mwenye mtindio wa ubongo akilazwa chali kabisa anaweza kupaliwa na mate na maji. Anainuliwa kidogo, mto unawekwa chini ya magoti, kichwa kinashikiliwa katikati. Kelele ya ghafla humfanya ashtuke mwili mzima. Huo si ukaidi, ni misuli. Mdomo hufunga wenyewe kwa nguvu, kwa hiyo kitu laini cha mpira huwekwa katikati ya meno, kikiwa kimefungwa uzi ili kisimezwe. Vidole haviwekwi hapo hata siku moja. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kutibiwa akiwa kwenye kiti chake, daktari akisimama nyuma na kushikilia kichwa. Akihitaji kuhamishwa, yeye mwenyewe anajua anavyohamishwa. Aulizwe! Mtoto mdogo huchunguzwa goti kwa goti: mama na daktari wanakaa wakitazamana, magoti yamegusana, mtoto anamtazama mama na kichwa kinalala mapajani mwa daktari. Hii inaweza kufanyika hata chini ya mwembe.

La nne ni maswali. Anameza dawa gani, na amemeza leo asubuhi? Kifafa kilimshika mara ya mwisho lini? Moyo je? Akikatwa damu huchelewa kukoma? Mwanafunzi mzuri hupiga simu kwa kliniki anakotibiwa kabla ya kuchukua koleo.

Tano, na hapa tuseme wazi, kuna habari ya kushikwa. Tumeona watu wanne wamemkalia kijana mmoja ili jino litoke. Kushikwa kunaweza kuhitajika, kwa mfano mkono unaojirusha usigonge sindano. Lakini kuwe kwa kukubaliana na mgonjwa au mlezi, kwa muda mfupi, kwa upole, na kwa usalama wake mwenyewe. Kumshika mtu kwa sababu laini ni ndefu si matibabu. Mzazi ana haki ya kusema, "Daktari, tusimame kidogo."

Kuziba jino bila mashine

Hapa kuna habari njema kutoka kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980 kule Tanzania ilianza kujaribiwa njia ya kutibu jino bila mashine na bila umeme. Sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa saruji ya meno inayoshikana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipigia debe njia hiyo mwaka 1994, na sasa inafundishwa nchi nyingi. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu, lakini imewafaa sana wagonjwa wanaoogopa mlio wa mashine.

Kuna pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi. Inapakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo, na uozo mara nyingi husimama. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza inageuka nyeusi kabisa, basi mzazi aambiwe kabla, asije akadhani mtoto ameharibiwa. Mwaka 2021 WHO iliweka dawa hiyo, pamoja na ile saruji, kwenye orodha ya dawa za lazima. Mkiwa na daktari mbele yenu, ulizeni kama anazo.

Kulazwa usingizi kwa dawa na kutibiwa meno yote kwa mara moja kupo, na kuna wagonjwa ambao hawana njia nyingine. Lakini inataka chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, vipimo, na pesa. Mgonjwa hapaswi kula kwa saa atakazoambiwa. Akipewa uji kwa huruma njiani, safari imepotea. Mwanafunzi anafundishwa kwamba hii ni ngazi ya mwisho. Asiyejua ngazi za chini huruka hapo moja kwa moja.

Hofu haitoki kwa kusikiliza darasani

Walimu wa kazi hii wanakubaliana juu ya jambo moja: mwanafunzi akikutana na watu wenye ulemavu, akaongea nao, akawagusa, akacheka nao, hofu hupungua. Mwaka 1993 daktari wa meno wa Marekani, Steven Perlman, alianzisha pamoja na Special Olympics mpango wa kuchunguza meno ya wanamichezo wenye ulemavu wa akili. Wanafunzi wa udaktari wa meno huja kusaidia. Wanamkuta mgonjwa akiwa amevaa medali, si akiwa analia kwa maumivu, na picha inabadilika kichwani. Vyuo vingine huwapeleka wanafunzi kwenye shule maalum, na huwaita wazazi na watu wenye ulemavu wenyewe wawe walimu wa siku moja. Kuna zoezi moja ninalolipenda: mwanafunzi anafungwa macho, halafu mwenzake anamswaki. Dakika mbili tu, na anaelewa kwa nini watu huuma.

Kikundi kinaingia wapi?

Kinaingia hapo hasa, kwa sababu nyinyi ndio mnaowajua wagonjwa walipo. Chuo kina wanafunzi na vifaa. Kijiji kina watu ambao wanafunzi hao hawajawahi kuwaona.

Wanafunzi wa meno na wa KMTC hutoka kwenda kwa jamii kama sehemu ya masomo, na hospitali za kaunti hufanya siku za uchunguzi shuleni na makanisani. Kwa kawaida wanaochunguzwa ni watoto waliopangwa mstari, wenye miguu ya kuja. Kikundi kinaweza kuandika barua kwa ofisa wa afya wa kaunti, au kwa chuo chenyewe, kabla ya siku hiyo: "Tuna watu 14 wenye mahitaji maalum. Watatu hawatembei, wawili ni viziwi, wanne wana kifafa. Tunaomba wahudumiwe kwanza, na wanafunzi waje na mwalimu wao." Taja hesabu. Barua isiyo na hesabu hujibiwa kwa maneno matamu tu. Kituo cha EARC kinachopima watoto wenye ulemavu katika eneo lenu kitawasaidia kupata majina, na kama parokia yenu ina Small Home, anzeni hapo, maana watoto wako pamoja na walezi wanawajua.

Andaeni mahali. Ngazi mbili za mlango wa jumba la parokia zinatosha kumzuia mtu wa kiti cha magurudumu. Mbao mbili na mawe zitafanya mteremko. Tengeni chumba kimoja cha kimya. Mpateni mtu anayejua lugha ya ishara mapema, si asubuhi hiyohiyo.

Kila mgonjwa awe na karatasi yake. Jina, umri, ulemavu, dawa anazomeza, magonjwa mengine, anavyowasiliana, anachoogopa, kinachomtuliza. "Baraka haongei. Akiinua kidole cha kushoto ni ndiyo. Anapenda wimbo. Usimguse masikio." Mwanafunzi akipewa karatasi hiyo amepewa mhadhara mzima. Nimeona daktari kijana akiisoma mara mbili, halafu akaanza kuimba. Mdomo ukafunguka.

Lakini tuwe macho pia. Mgonjwa wa kufundishia bado ni mgonjwa. Aulizwe kama anakubali wanafunzi wamtazame, na akikataa atibiwe tu kama wengine. Picha zisipigwe bila ruhusa, hata kama ni wageni wenye zawadi. Mwalimu awepo chumbani. Na watakaokutwa na tatizo kubwa waondoke na barua ya rufaa yenye jina la hospitali na tarehe. Hapo ndipo pesa za meri-go-raundi zinaweza kutengewa mfuko mdogo wa nauli, kwa sababu safari hizi haziishi kwa siku moja. Kuhusu malipo, andikisheni kila mmoja kwa bima ya SHA na muulize hospitali ni huduma zipi za meno zinazolipiwa.

Mkikataliwa mahali, msigombane mlangoni. Ulizeni kwa upole mambo matatu: sababu ya kukataa ni nini, tumpeleke wapi, na utatuandikia? Andikeni jina la hospitali na tarehe kwenye kitabu cha kikundi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza ubaguzi, na ile mpya iliyochukua nafasi yake mwaka 2025 inaukataza pia, na malalamiko yaliyoandikwa yana uzito mbele ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wakati mnangoja daktari

Mswakini mgonjwa mara mbili kwa siku, na ya usiku isikose. Mlezi akae nyuma yake, kichwa kiegemee kifua au mapaja, mkono mmoja ushikilie taya na mwingine upige mswaki. Ukikaa mbele yake mnapigana bure. Asiyeweza kufungua mdomo, tumia miswaki miwili, mmoja wa kuumwa na mmoja wa kusafisha. Anayeweza kushika mwenyewe lakini vidole havifungi, zungushia mpini wa mswaki kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka unene kama gunzi la mahindi. Dawa ya meno iwe yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka mitatu, na cha punde ya mbaazi kwa mkubwa zaidi. Asiyeweza kutema, pangusa kwa kitambaa safi. Baada ya dawa tamu ya maji, mpe maji ya kunywa.

Na asiyeongea, mtazameni. Akianza kushika shavu, kukataa cha baridi au cha moto, kutafuna upande mmoja, kujiuma mkono, au kuwa mkali bila sababu, fungueni mdomo mtazame kwa tochi kabla ya kusema amepandwa na mapepo. Uvimbe wa shavu pamoja na homa, au kushindwa kumeza, hakungojei siku ya kliniki. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, na karatasi yake iwe mfukoni.